Bibi Maendeleo na Chupa Zisizosuuzwa

Hata baada ya serikali kumstaafisha na kumchukulia baiskeli ya kazi, tuliendelea kumwita Bibi Maendeleo. Jina alilopewa na wazazi wake nililisikia mara moja tu, kanisani, likisomwa na padri, na nikageuka kutazama anaitwa nani. Miaka yote niliyoishi naye jirani pale Buseresere, tangu nilipoolewa nikitokea Isaka, yeye alikuwa Bibi Maendeleo na mimi nilikuwa Mama Masanja, na hatukuhitaji majina mengine.

Alipiga hodi akiwa tayari ameshafunua sufuria. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza machoni pa watu, na lilikuwa kosa la kazi. Alizunguka vijiji kwa miaka mingi akifundisha wanawake kupika uji wa mtoto, kuchimba choo, kujenga jiko la kuinuka na kushona nguo za kliniki, akazoea kwamba jiko la mwenzie ni darasa lake. Ungekuwa umeinama unachochea moto, unasikia sauti nyuma ya mgongo wako: "Huyu mchicha umeuosha kabla ya kuukata au baada?" Ukigeuka, amesimama mikono kiunoni, kitambaa cheupe kichwani, anangoja jibu. Mimi nilimchukia mwaka mzima wa kwanza. Mwaka wa pili nikaanza kuosha mchicha kabla ya kuukata, nikampenda bila kutaka.

Alikuwa na sauti ya uwanja wa mpira. Kiswahili chake kilikuwa cha redioni, kimepigwa pasi, lakini akikasirika Kisukuma kilichomoza na akakuita "mayu", yaani mama, hata kama wewe ni mdogo kuliko binti ambaye angemzaa. Hakuwa na mtoto. Mume alikuwepo zamani, akaenda kutafuta dhahabu upande wa Rwamgasa na hakurudi, na Bibi alilisimulia jambo hilo kama mtu anayeeleza kwamba mvua haikunyesha. Alikuwa na nyumba ya bati ya vyumba vitatu, stoo nyuma ya nyumba, mipapai na shamba dogo la choya, ile rosela ya maua mekundu. Kwa mwanamke mzee wa peke yake, hivyo vilikuwa vitu vingi.

Sasa divai. Alipelekwa semina Dodoma, wakati akiwa bado kazini, akarudi na mpira mrefu mwembamba wa plastiki na kopo la unga mweupe. Semina ile ilimfundisha kwamba kinywaji hakiharibiwi na jicho la mtu wala na mwanamke aliye kwenye siku zake, kama tulivyokuwa tukiambiwa sisi na mama zetu, bali na vijidudu visivyoonekana vinavyokaa kwenye chombo. Alitangaza habari hiyo kwa furaha iliyotuudhi. Alitengeneza divai ya mapapai, ya mananasi na ya choya, na sukari ilipoadimika, watu wakapanga foleni kutwa kwa robo kilo, yeye akahamia kwenye asali iliyotoka Biharamulo. Ya choya ilikuwa nyekundu na kali kidogo, na ukiinywa unasikia ulimi umesafishwa. Ubatizo, ndoa, mwalimu mkuu anahamishwa, watu walituma mtoto kwa Bibi Maendeleo.

Yeye mwenyewe hakunywa. Aliweka kidogo mdomoni, akafumba macho, akatema nyuma ya nyumba. Nilimwuliza kwa nini anahangaika na kitu asichokitumia, akanijibu kwamba hata vyoo alivyochimbisha hakuvitumia vyote. Alikuwa na mambo ya namna hiyo. Alicheka wapiga ramli waziwazi, lakini jua likishazama hakuruhusu mtu afagie uwanja wake. Ukimwuliza, anasema gizani mtu anaweza kufagia sindano akaitupa. Sindano yake ilikuwa moja na ilikaa siku zote kwenye kola ya gauni.

Unga ule ulikuwa wa salfa. Ulinuka kiberiti kilichowashwa karibu na pua. Aliutia kwenye kopo la maziwa ya unga na juu yake akabandika karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SI CHUMVI. Alitukusanya uwanjani kwake wanawake kadhaa, akatupanga kufuata upepo, yaani sisi tusimame unakotoka na ndoo ikae unakokwenda, na atakayeinama juu ya ndoo atakwenda nyumbani. Ndoo iwe ya plastiki au chungu, isiwe ya bati wala sufuria ya alumini. Unga utiwe kwenye maji ya ndoo kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, kisilundikwe kama tunavyolundika chumvi. Matone ya limau yaongezwe ili unga upate nguvu, ila nguvu hiyo ndiyo inayopanda puani, kwa hiyo nyuso zikae mbali. Dawa ya maji ya zahanati, ile ya klorini, isisogezwe hata kwenye kibaraza. Mwenye pumu asiwepo kabisa. Maji yale yakiacha kunuka yameshakufa, yamwagwe, yatengenezwe mengine.

Chupa iliyokwisha kuoshwa kwa sabuni na kusuuzwa ilizamishwa humo, ikatolewa, ikapinduliwa kwenye kichanja cha vijiti ijichuruzishe yenyewe. Halafu ikajazwa divai hivyo hivyo, ikiwa na unyevu wake.

"Haisuuzwi tena?" aliuliza Mama Limi, mke wa fundi baiskeli.

"Haisuuzwi."

"Na tone lililobaki ndani?"

"Tone libaki. Hilo tone ndilo mlinzi. Ukisuuza umemfukuza mlinzi na umekaribisha mwizi."

Tulitazamana. Mtu asiye wa kwetu anaweza asielewe. Kwetu kinywaji hakipewi mgeni kimya kimya. Unachukua kikombe mbele yake, unatia maji, unayazungusha, unayamwaga aone, kisha unamimina, unaonja wewe kwanza, ndipo unampa kwa mikono miwili. Kuonja kunamwambia kinywaji ni salama na kusuuza kunamwambia kikombe ni salama, na mgeni huyaangalia yote mawili hata akijifanya anaongea na mwenzie. Bibi Maendeleo alionja. Lakini chupa zake na bilauri zake zilitoka kwenye maji yenye unga mweupe, zikiwa na matone, na mbele ya macho ya watu hakusuuza.

Miaka michache hilo lilikuwa kichekesho tu. Watu walisema Bibi Maendeleo mvivu wa maji. Vijana walimwigiza, mikono kiunoni, "Tone libaki." Fundi baiskeli ndiye aliyemwigiza vizuri kuliko wote, naye ndiye aliyeipenda divai ya choya kuliko wote, na alikuwa mtu wa pumu. Siku moja alimkuta Bibi kwenye ndoo, akainama kunusa ili amchokoze, akakohoa mpaka akaketi chini kwenye vumbi. Bibi alimfukuza kwa ufagio. Baadaye alikwenda kwake kumpa pole na kumkataza hata hiyo divai yenyewe. "Wewe kifua chako hakitaki salfa. Kunywa chai." Fundi akacheka, na kwenye ubatizo uliofuata akanywa kama kawaida.

Fundi alifariki kabla mahindi hayajavunwa. Zahanati walisema kifua, na kifua chake tulikijua, alikuwa akipiga mluzi kwa kupumua tu. Kama divai ilimzidishia sijui, na hakuna aliyeweza kunieleza. Nilichojua ni kwamba msibani, wanawake walipokuwa wakichambua mchele, mmoja alisema taratibu kwamba marehemu alikunywa chupa isiyosuuzwa, na hakuna aliyembishia. Mimi nilibisha. Nilisema sote tumekunywa chupa zile zile. Wakaniangalia kama mtoto anayejibu swali ambalo halikuulizwa.

Nimeacha kusema juu ya macho ya Bibi, kwa sababu ni sehemu ninayoiogopa.

Yalikuwa mekundu. Mwanzoni yalikuwa hivyo kidogo, siku anazotengeneza, kisha yakatulia. Nusu ya wanawake wa Buseresere tulikuwa na macho mekundu, maana kuni zilikuwa mbali na tulipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na moshi wake hauna huruma. Lakini upande ule wa nchi, mwanamke akiwa kijana na macho mekundu anaambiwa abadilishe kuni. Akiwa mzee, tena yuko peke yake, tena ana nyumba ya bati, hakuna anayemwuliza kama anaumwa. Habari za vijiji vingine tulizipata, za bibi waliokutwa wamekatwa mapanga, na watu walizisimulia kwa sauti ya chini, wakimaliza kwa kusema kwamba labda palikuwa na sababu.

Watu walianza kupita nyuma ya uwanja wake siku za ndoo. Walisimama tu, wanatazama. Yeye aliyezoea kusimamisha wanawake mia akawafundisha, hakuweza kuvumilia kutazamwa namna ile. Akaihamishia ndoo ndani ya stoo, akafunga mlango. Stoo ile ilikuwa na tundu moja la hewa, dogo kama kiganja. Alitoka humo akilia machozi, kope zimevimba, akikohoa, na waliokuwa wakipita wakayaona macho hayo. Kesho yake walipita wengi zaidi. Naye akaongeza gunia mlangoni.

"Bibi," nilimwambia, "wewe ndiye uliyetufundisha tufanyie nje, kwenye upepo."

"Nje kuna watu."

"Ndani kuna salfa."

"Salfa naijua," alisema. "Hao siwajui tena."

Nilimwomba aache kwa muda. Nilimwomba kama ninavyomwomba Mungu, nilipiga magoti jikoni kwake. Akanishika mkono akanipeleka nje, akaanza kunionyesha kijiji kana kwamba mimi ni mgeni. Choo kile alichimbisha yeye, kimebomoka. Majiko ya kuinuka aliyojenga nyumba kwa nyumba yamekuwa mabanda ya kuku. Cherehani ya kikundi iliuzwa. "Katika yote niliyoleta huku, mayu, divai ndiyo pekee iliyokubali," alisema. "Nikiacha, nilikuja kufanya nini?" Nikasimama pale naye tukatazama kuku.

Mume wangu, Baba Masanja, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa hodari wa kesi za mbuzi na mipaka ya mashamba, mtu mpole anayeomba pande zote mbili zinywe maji kwanza. Maneno yalipozidi aliitisha kikao uwanjani kwetu, akiamini watu wakikaa pamoja mchana, wakiongea, mambo yatatulia. Bibi Maendeleo alikuja na kitambaa chake cheupe, macho yakiwa yamewaka, akakaa mbele kama mtoa mada.

Mama Limi ndiye aliyesimama. Hakuwa mtu mbaya, na siwezi kumfanya awe mbaya ili habari yangu iwe nyepesi. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. "Mimi simshtaki mtu," alisema. "Nauliza tu, mama yetu anisaidie. Kwa nini hasuuzi?"

Kama angesema amesahau, au uvivu, au umri, naamini kikao kingeisha kwa kicheko. Lakini aliulizwa swali la darasani na akajibu kama mwalimu, wima, kwa sauti ile ya uwanja wa mpira. "Kwa sababu maji yenu ni ya lambo. Ng'ombe wanakunywa mle, watoto wanakojoa mle. Unga ukishaua vijidudu, nikisuuza chupa kwa maji yale, ndipo nitakapowaua."

Baba Masanja aliharakisha kueleza kwamba Bibi anamaanisha magonjwa ya tumbo, lakini nilikuwa nimekaa na wanawake na nilisikia wakipumua. Watu walikwenda nyumbani wakiwa na sentensi moja tu, na ilikuwa ya kweli, aliisema yeye mwenyewe, mbele ya balozi.

Usiku huo sikulala, nikapata wazo nililoliona la busara sana. Asubuhi nikaenda kwake mbio. Achemshe maji, nikamwambia, yapoe kwenye chombo safi, kisha chupa zile zisuuzwe kwa maji hayo hadharani, mbele ya Mama Limi na wengine wote. Vijidudu hakuna, na watu wameridhika. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulizoea.

"Ni wazo zuri," alisema. "Lingekuwa zuri zaidi siku ya kwanza."

"Hata leo, Bibi."

"Leo nikisuuza, wataniuliza zile ambazo sikusuuza zilikuwa na nini."

Akaendelea kupanga chupa kwenye kichanja. Nilirudi nyumbani na wazo langu, nikapika, nikaunguza.

Baada ya hapo wakamtenga. Kwetu kutengwa hakuna makelele. Watu hawakugombezi, hawakutukani. Wanaacha kukuona. Alifika lamboni kuchota maji, wanawake wakatwika ndoo zao wakaondoka hata zikiwa nusu. Aliamkia, wakajibu ukuta. Dukani, mzee wa Kihindi aliyemwagizia asali na makopo ya unga ule kwa miaka mingi alimpa vitu vyake kupitia mlango wa nyuma, akimwomba radhi kwa macho, kwa kuwa naye alikuwa na watoto na duka la kuta za mbao linaloungua upesi. Mimi nilimtembelea wazi, na Baba Masanja akaanza kuulizwa kwenye mkusanyiko wa wanaume kama mke wake ana afya.

Asubuhi moja tulikuta kichanja kimevunjwa. Chupa zilikuwa zimesagwa. Mtu alikuwa ameketi pale na mchi akazitwanga mpaka zikawa unga, akaulundika mbele ya mlango wa stoo, lundo safi, kama mtu anayepima mahindi. Bibi Maendeleo alileta sepeto. Akalichota lundo lile akalizika mbali, watoto wasijikate. Baba Masanja alimtafutia lori lililokuwa linashuka Kahama, ili afike Isaka kwa binti wa marehemu kaka yake. Hakulia. Alimlaumu dereva kwa kufunga mizigo ovyo, akamfundisha fundo. Kopo lake la unga wa salfa aliniachia mimi.

Nilimwona tena mara moja tu. Mama yangu aliugua, nikaenda Isaka kumwuguza, na alipopata nafuu nikauliza nyumba anamokaa Bibi. Nilimkuta uani, nyuma ya stesheni, anachambua karanga kwenye ungo. Nilimwamkia.

"Marahaba, Mama Masanja. Umekonda. Hao wa kwako wanakula nini?"

Akainua uso, na nikaona macho yake. Yalikuwa meupe. Meupe kabisa, macho ya bibi wa kawaida, yenye ukungu kidogo wa uzee. Sikuwa nimeyaona hivyo kwa miaka, nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau kwamba yanaweza kuwa hivyo. Nikaanza kuongea upesi upesi kwa furaha. Nilimwambia arudi. Nilimwambia nitakwenda naye nyumba kwa nyumba, wamtazame usoni, waone ilikuwa salfa tu, hakuna kingine.

Alipepeta karanga zake, akapuliza maganda.

"Nikirudi na macho meupe," alisema, "watauliza ule wekundu nimemwachia nani."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliweka ungo chini, akainuka kwa kushika magoti, akanishika kidevu kama alivyokuwa akishika watoto kliniki. Akanigeuza uso kwenye mwanga. Akavuta chini ukope wangu mmoja kwa kidole gumba, kisha wa pili.

"Unatengeneza?"

"Kidogo tu, Bibi. Za ubatizo. Watu bado wanaomba."

"Unafanyia wapi?"

"Stoo."

"Mlango?"

"Wanapita pita," nilisema. "Naufunga."

Aliniachia uso wangu. Alibaki amesimama hivyo, mikono haikwenda kiunoni, ilining'inia tu pembeni, na kwa mara ya kwanza nilimwona Bibi Maendeleo hana la kunifundisha. Ndani ya nyumba binti wa kaka yake alikuwa anaimbia mtoto.

"Unaondoka lini?"

"Kesho."

"Usiondoke. Kaa kwa mama yako mpaka macho yatakate. Yangu yalichukua muda, lakini yalitakata. Waambie mama kazidiwa."

Nilimwambia ndiyo, nitakaa. Alirudi kwenye ungo wake, nami nikaketi nikamsaidia kuchambua, na hatukuzungumza tena habari hiyo. Sikuweza kumwambia kwamba kwenye lori la kuja nilipanda na wanawake watatu wa Buseresere, na kwamba safari nzima mpaka Kahama tulikaa uso kwa uso.